Naomba ushauri: ruzuku ya EQIP kwa shamba la kukodi mlimani

Habari zenu wakuu. Nalima mboga na kufuga mbuzi kwenye shamba la kukodi, milima ya Appalachia, huku Marekani. Mteremko ni mkali, mvua kubwa ikinyesha udongo wa juu wote unaishia mtoni. Nataka kuweka uzio mbuzi wasishuke mtoni, na kupanda nyasi za kushika udongo.

NRCS, idara ya serikali ya Marekani ya kuhifadhi udongo na maji, wana EQIP, mpango wa kuwalipa wakulima sehemu ya gharama za kazi kama hizi. Kwa kawaida hulipa hadi 75% ya gharama. Sisi tusiofikisha miaka 10 kwenye kilimo tunaweza kupata hadi 90%, tena angalau nusu ikatangulizwa kununulia vifaa. Hilo la kutangulizwa ndilo linanipa moyo, maana mtaji sina.

Shida ni ardhi. Lazima niwe na haki ya kuitumia kwa muda wote wa mkataba wa ruzuku, na mwenye shamba ananikodishia mwaka mmoja mmoja. Na ukianza kazi kabla mkataba haujasainiwa, hulipwi.

Mliopitia hili, mlimshawishije mwenye shamba aongeze muda? Mliandikishana vipi? Na namba ya shamba inayotakiwa kwenye maombi, ile inayotolewa na FSA (ofisi ya serikali ya huduma kwa wakulima), niiombe mimi mpangaji au yeye?