Hivi roboti inaweza kupima mishipa ya damu kwa altrasaundi bila mtu?

mwanafunzi_picha:
Wakuu salama? Nimeona video roboti imeshika proba (kile kifaa cha altrasaundi kinachowekwa kwenye ngozi) inapima ateri ya paja yenyewe inashuka hadi nyuma ya goti, hakuna mtu anaigusa. Sasa inajuaje mshipa ulipo na ibonyeze kiasi gani? Maana mimi nikikandamiza kidogo tu vena inapotea kwenye skrini, mwalimu anafoka 😂

chuma_na_kodi:
Kubonyeza ndo rahisi mkuu. Mkono wa roboti una sensa ya nguvu, unaupa kipimo, tuseme nyutoni 5, basi mguu ukiinuka unarudi nyuma ukishuka unaufuata. Ngoma iko kwenye kufuata mshipa, hapo kompyuta inafundishwa kwa mapicha kibao ambayo watu walishachora ukuta wa mshipa kwa mkono, ikiliona lile duara jeusi, yaani mshipa unavyoonekana kwenye skrini, inahakikisha linabaki katikati, na kwa kuwa roboti inajua proba ilikuwa wapi kwenye kila picha unaziunga tu unapata mshipa mzima wa 3D.

bega_bovu:
Eti kubonyeza rahisi 😅 Nimeshika proba miaka 9 na bega limeniishia kwahiyo roboti ije hata leo, ila tusidanganyane. Nikitafuta damu iliyoganda mguuni nabonyeza makusudi, vena nzima inalala kabisa, ikigoma kulala ndo nashtuka. Hiyo nyutoni 5 yako isiyobadilika itapimaje hapo?

Halafu Dopla, kile kipimo cha spidi ya damu, je? Pembe kati ya mawimbi na damu tunaitaka isizidi digrii 60. Kama ni 60 kweli na wewe umeiwekea mashine 65 spidi inasoma juu kwa karibu asilimia 18, na kwa kuwa damu hukimbia zaidi palipobana, mtu anaambiwa mshipa umeziba kuliko ulivyo. Bado ateri yenye chokaa, kivuli kinafunika kila kitu na hilo duara jeusi hulioni.

chuma_na_kodi:
Kwenye vena umenishika, hapo inabidi ipewe amri ya kubonyeza na kuachia kila baada ya sentimita moja mbili hivi. Ila pembe nabisha, ikishakuwa na ramani ya 3D inajua mshipa umelala vipi, inainamisha proba yenyewe.

mwanafunzi_picha:
Na mgonjwa akikohoa ghafla?

bega_bovu:
Mimi nainua mkono kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Hiyo yake sijui, ajibu mwenyewe.

chuma_na_kodi:
Nguvu ikizidi kiwango inajitoa mwilini na kusimama. Kuendelea pale ilipoachia ndo bado inasumbua, maana mguu ushahama.