Ujenzi umechelewa, na mwendelezaji anataka nisaini nyongeza ya mkataba: naomba ushauri

MnunuziRamani

Ndugu wana jukwaa, nawasalimu. Nilinunua fleti ikiwa bado kwenye ramani, nikalipa malipo ya awali na awamu zilizofuata, na tarehe ya makabidhiano iliyoandikwa katika mkataba imekwisha kupita. Jengo limeishia kwenye zege la ghorofa ya nne kati ya kumi na mbili, na mafundi wanaoonekana pale ni wachache mno. Sasa mwendelezaji ametuletea wanunuzi wote nyongeza ya mkataba yenye ukurasa mmoja. Aya ya kwanza inasogeza mbele tarehe ya makabidhiano, na ya mwisho inasema kwamba mnunuzi "hatakuwa na dai lolote linalotokana na ucheleweshaji uliotangulia". Baadhi ya wenzangu wanashauri tusisaini, tena tusitishe malipo yote kwa pamoja. Je, nisaini, nisitishe malipo, au nidai fedha zangu?

KalamuYaSheria

Ndugu, usisaini karatasi hiyo kama ilivyo. Kusogeza tarehe ni jambo linaloweza kujadiliwa, lakini aya ya mwisho inakuvua haki ambayo hadi sasa unayo, na katika maelezo yako sijaona unachopewa badala yake.

Kuhusu kusitisha malipo, nakusihi usitangulie kufanya hivyo kabla ya wakili wako kuusoma mkataba. Mnunuzi anayeacha kulipa bila kifungu kinachomruhusu huwa yeye ndiye aliyevunja mkataba, na mwendelezaji aliyechelewa hupata ghafla sababu ya kushikilia malipo ya awali. Tazama kwanza ratiba ya malipo. Ikiwa kila awamu imefungwa kwenye hatua ya ujenzi, kwa mfano kukamilika kwa msingi au kuezekwa kwa paa, basi awamu ambayo hatua yake haijafikiwa bado haijaiva, na kutoilipa si kosa. Ikiwa imefungwa kwenye tarehe za kalenda, hali yako ni ngumu zaidi.

Soma pia kifungu cha sababu zilizo nje ya uwezo wa mwendelezaji. Vita na mafuriko havina ubishi, lakini nimeona mikataba inayoingiza humo "uhaba wa vifaa" na hata "kuchelewa kwa mkandarasi", ambaye ameajiriwa na mwendelezaji mwenyewe!

MkadiriajiMajenzi

Nitaongeza la upande wa ujenzi. Zege la ghorofa ya nne lisikupe matumaini kupita kiasi, kwa sababu baada ya boma kukamilika hubaki mabomba, umeme, lifti, umaliziaji na ukaguzi wa mamlaka kabla ya kibali cha kukaliwa kutolewa. Mafundi wakipungua huku vifaa vikiwapo eneo la kazi, mara nyingi mkandarasi hajalipwa. Mwombeni mwendelezaji cheti cha karibuni cha msanifu majengo kinachoonyesha asilimia ya kazi iliyofanyika, pamoja na ratiba mpya iliyosainiwa na mkandarasi. Tarehe mpya isiyo na ratiba nyuma yake ni ya kubuni tu.

BiHesabu

Swali ambalo hakuna aliyeliuliza ndilo zito kuliko yote: fedha zenu ziko wapi? Ikiwa ziliingia katika akaunti ya kawaida ya kampuni, na kampuni ikafilisika, huenda mkapanga foleni nyuma ya benki iliyoweka ardhi hiyo rehani.

Nchi mbalimbali zimelitungia jambo hili sheria. India, kwa sheria yake ya mwaka 2016, humlazimu mwendelezaji kuweka asilimia 70 ya fedha za wanunuzi katika akaunti ya pekee ya mradi, na kuzitoa kulingana na kazi iliyothibitishwa na mhandisi, msanifu na mhasibu. Sheria hiyohiyo humpa mnunuzi aliyecheleweshewa hiari ya kujitoa na kurudishiwa fedha pamoja na riba, au kubaki na kulipwa riba ya kila mwezi hadi akabidhiwe. Dubai nayo ina sheria ya akaunti za dhamana, yaani akaunti zinazotunza fedha za wanunuzi kwa ajili ya mradi wao tu, tangu mwaka 2007. Ulizieni sheria ya mahali mlipo inasema nini, kisha dai uthibitisho wa maandishi kutoka kwa benki yenyewe. Barua ya ofisi ya mauzo haitoshi.

MnunuziRamani

Nashukuruni sana. Nimeufungua mkataba: awamu zimefungwa kwenye hatua za ujenzi, na kuna tarehe ya ukomo ambayo ikipita, "upande wowote" unaweza kuuvunja mkataba na malipo yakarudishwa bila riba. Je, hiyo si kinga yangu?

KalamuYaSheria

Ni kinga, lakini ina makali pande zote mbili. Bei zikipanda, mwendelezaji anaweza kuiacha tarehe ipite, akakurudishia fedha zako zilezile, kisha akaiuza fleti kwa mtu mwingine kwa bei ya juu. Malalamiko ya namna hiyo ndiyo yaliyolifanya jimbo la New South Wales, Australia, mwaka 2015 limzuie mwendelezaji kukitumia kifungu hicho bila ridhaa ya maandishi ya mnunuzi au amri ya mahakama.

Kwa hiyo jibuni kwa barua, kwa pamoja ikiwezekana. Semeni kwamba mko tayari kuzungumzia tarehe mpya kwa masharti kwamba haki ya kuvunja mkataba kwa tarehe ya ukomo ibaki kwa mnunuzi peke yake, fidia ya kila siku ya ucheleweshaji itajwe kwa kiasi, na aya ya mwisho ifutwe yote.

BiHesabu

Na kama kuna mwenzenu aliyechukua mkopo wa benki, deni lake ni mkataba mwingine kabisa. Mwaka 2022 wanunuzi wengi nchini China walitangaza kugomea marejesho ya mikopo ya majengo yaliyokwama, lakini mgomo wenyewe haukuwa umewafutia deni. Huyo azungumze na benki yake kabla ya kuungana na mgomo wowote.