Flutter, Qt au Lazarus? Programu ya mizani ya samaki, Malindi

MalindiDev
Wakuu, salaam. Kuna kikundi cha wavuvi hapa Malindi kinataka programu ya kuandikia samaki wanaposhushwa: chombo, aina, kilo, bei, nani kanunua, na risiti itoke. Jumamosi nakutana na viongozi wao, na wako tayari kutoa malipo ya kwanza. Karani anatumia Windows, mweka hazina kawekewa Ubuntu na kijana wake, wenye vyombo wana simu. Sitaki kuandika kitu kimoja mara tatu wala kulipia leseni. Nimebakiwa na vifaa vitatu vya kuandika programu mara moja ikaenda mashine tofauti: Flutter, Qt na Lazarus. Nichukue ipi?

UpepoWaKusi
Windows gani? RAM ngapi? Printa ya aina gani? Na wewe mwenyewe waandika lugha gani? Umetuletea mgonjwa bila kusema anaumwa wapi.

NahodhaDart
Flutter, tusizunguke. Windows ilikubaliwa rasmi Februari 2022, Linux na Mac zikafuata Mei mwaka huohuo. Duka la mjomba nimeliandikia simu na Windows kwa msimbo mmoja, nilichorekebisha ni upana wa majedwali tu.

KijanaWaQt
Flutter ni ya Google. Na Google ikichoka nayo? Qt imeuzwa mara ngapi: Trolltech walioianzisha wakaingia Nokia 2008, Nokia ikaipeleka Digia 2012, na bado ipo. Sababu ni mkataba wa tangu 1998 wa taasisi ya KDE Free Qt Foundation: mwenye Qt akiacha kutoa toleo huria, taasisi ina haki ya kuutoa msimbo kwa leseni ya mtindo wa BSD, isiyo na masharti mengi. Hiyo ndiyo bima. Ukiandika Qt kwa lugha ya Python chukua PySide, leseni yake ni LGPL, waweza kuuza bila kutoa msimbo wako. PyQt ni GPL, inayotaka nawe utoe msimbo wako, la sivyo ulipe. Wengi hawalitazami hilo mpaka siku ya kuuza.

NahodhaDart
Bima ya 1998 kwa samaki wa Jumamosi. Haya.

BintiAmu
Mimi niko Lamu, na niwape kisa. Niliwaandikia watu wa duka la jumla kule Faza programu ya hesabu kwa Electron, kifaa cha kujengea programu kwa ufundi wa tovuti. Kwangu ilikuwa tamu kabisa. Kifurushi kikapita MB 100, maana kila programu ya Electron hubeba kivinjari chake kizima cha Chromium mgongoni. Mwenye duka hakuwa na bando la kupakua vyote hivyo, nikaitia kwenye flashi nikampa mtu wa boti. Boti ya Faza hupita mlango wa bahari wa Mkanda, na Mkanda hauna haraka na mtu: mayi yakitoka, mwangoja. Usiku simu ikalia: "Picha za bidhaa hazionekani, ni miraba mitupu." Nikadhani faili zimeharibika njiani. Nikatuma flashi ya pili. Miraba. Siku ya tatu nikapanda boti mwenyewe, nikakaa juu ya gunia la mchele mle dukani, nikafungua folda. Faili nimeliita Unga.png, msimbo unaliita unga.png. Windows yangu haijali herufi kubwa, Linux yake inajali. Herufi moja, siku tatu, na nauli juu yake!

Vitufe na majedwali ya kuchora kila mahali tunavyo tele. Tunachokosa ni njia ya mtu mmoja mwenye laptopu moja kuijaribu kazi yake kwenye mashine zote kabla boti haijang'oa nanga.

KijanaWaQt
Mradi ukiwa wazi GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, mashine zao za Windows, Linux na macOS zinakujengea bure.

BintiAmu
Zinajenga, naam. Ile printa ya karani nani ataichomeka huko?

MalindiDev
Samahani, nilikuwa bandarini. Kompyuta ya karani ni Windows 7, biti 32, RAM GB 2. Printa ni zile ndogo zisizotumia wino, ya USB. Mimi najua lugha ya PHP, na Dart ya Flutter kidogo.

MzeePascal
Hilo ndilo ungeanza nalo! Flutter kwenye Windows yataka biti 64. Qt 6 yataka Windows 10. Electron iliiacha Windows 7 tangu toleo la 23, mwaka 2023. Lazarus, inayoandikwa kwa lugha ya Pascal, itakupa faili moja la MB chache, biti 32, na waweza kulitengeneza ukiwa palepale Ubuntu. Mjadala umekwisha.

NahodhaDart
Na simu za wenye vyombo mzee utazipa Pascal?

MzeePascal
Mwenye chombo ataka kujua kilo zake. Mtumie SMS.

KijanaWaQt
Qt 5.15 bado inakwenda kwenye Windows 7, msiizike mapema.

UpepoWaKusi
Mimi ningewaambia wanunue laptopu ya mtumba kwanza. Kuifuata Windows 7 leo ni kuziba jahazi kwa karatasi.

MalindiDev
Wanunue kwa pesa gani? Hiyo waliyonayo ni ya msaada.

BintiAmu
Kuna jambo hamjaligusa: saa. Ukiweka Kiswahili, vifaa hivi vinakutafsiria Jumatatu na Januari vizuri, lakini saa zinabaki za Kizungu. Risiti ikisema 6:00, mvuvi anasoma saa sita, na samaki kashusha saa kumi na mbili alfajiri. Palizuka ugomvi duka zima.

MzeePascal
Punguza sita uandike kwa maneno. Mistari kumi.

NahodhaDart
Na siku inaanza lini, usiku wa manane au magharibi? Wale wa usiku wa Ijumaa utawaandika Ijumaa au Alhamisi?

UpepoWaKusi
Sasa tumefika kwenye mwandamo wa mwezi.

MalindiDev
Nimemuuliza karani. Anasema daftarini huandika "kabla ya jua" na "baada ya jua", na mama karanga, wale wanunuzi wanaokaanga samaki, hawajawahi kulalamika. Ila sasa kasikia habari ya laptopu ya mtumba, anauliza naileta lini.

UpepoWaKusi
@BintiAmu zile flashi mbili ulirudishiwa?

BintiAmu
Moja. Ya pili mpaka yeo iko Faza, nasikia imejazwa taarabu.