Kulala mlimani kwenye hema, kilele sikihitaji: Meru au Lushoto?

Baba_Kigamboni

Wakuu habari za jioni. Mimi na mke wangu tuko Dar, mwezi wa saba tunapata likizo kidogo na tumekubaliana safari hii Zanzibar basi, tunaenda milimani. Naomba mnielewe mapema: sitafuti cheti wala picha kwenye ubao wa kilele. Tunataka kutembea, kuona mandhari, tule chakula cha moto kwenye baridi, tulale hemani usiku mmoja au mawili. Hema tunalo, la mtumba, la watu wawili.

Jamaa wa ofisini wamenichanganya. Mmoja anasema kama si Kili usijisumbue, mwingine Meru, mwingine Lushoto. Mke wangu anaogopa wanyama, mimi naogopa baridi. Halafu shemeji yangu anauliza, kwa nini tulale huko? Tupande asubuhi, tushuke jioni, tulale gesti kwenye kitanda. Nilikosa jibu la kumpa. Naomba uzoefu wenu.

Mgumu_wa_Momella

Karibu mkuu. Mimi nilianza kama mgumu, nikabeba mizigo ya watu Kili na Meru, sasa hivi ni mpishi wa safari. Nianze na la shemeji yako maana ndilo swali lenyewe.

Milima yetu hii ina saa zake. Usiku hewa imepoa, imetulia, alfajiri anga jeupe unaona mpaka kusikojulikana. Jua likishapata nguvu, hewa yenye unyevu kutoka chini inaanza kupanda na miteremko, ikifika juu inapoa inageuka wingu. Saa nne, saa tano, mlima umeshajivuta shuka. Sasa mtu wa kupanda asubuhi na kushuka jioni anafika juu saa ngapi? Saa sita. Anapiga picha ukungu, anarudi gesti anasema mlima hauna kitu. Jioni wingu likishuka tena, kunafunguka, na yeye yuko chini anaagiza chipsi. Anayelala juu ndiye anayepata zile saa mbili za jioni na zile mbili za asubuhi. Mwambie shemeji hivyo.

Meru, kwa macho tu, naiweka mbele ya kambi nyingi za Kili, na wenzangu wa Machame wasinipige mawe. Unaanzia geti la Momella, kama mita 1,500, unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Hilo si hiari, ni utaratibu. Twiga utawaona hapo hapo mwanzoni, juu kidogo msituni kuna mbega. Usiku wa kwanza Miriakamba, mita 2,514. Siku ya pili kambi ya Saddle, mita 3,570, na hapo ndipo wewe usiyetaka kilele unapata raha yako: acha mizigo, kunywa chai na bisi, panda Meru Ndogo, kile kilele kidogo cha pembeni, polepole, mita 3,820, ukae pale mpaka jua lizame. Jua likiwa nyuma yako, kivuli cha Meru kinatandazwa juu ya mawingu kuelekea mashariki, pembetatu nyeusi yenye ncha, na Kilimanjaro imekaa ng'ambo theluji yake ikigeuka rangi ya chungwa. Nimeona wageni waliolipa fedha nyingi kwa ajili ya kilele wakisema hiki kingewatosha. Wakati wa kupanda ukipata anga safi, tazama ndani ya kreta, lile shimo la volkano: ukuta wa mwamba wa kutisha, na katikati kilima cha majivu. Upande wa mashariki wa mlima uliporomoka zamani sana, ndiyo maana unaona tumbo lake lote.

Lakini hema lako utaliacha nyumbani. Meru watu wanalala kwenye vibanda vya vitanda. Na Saddle mwezi wa saba ni baridi kwelikweli, asubuhi umande umeganda kwenye majani.

Kuhusu baridi popote utakapoenda: watu wa Dar mnabeba mablanketi ya kujifunika mnasahau ya chini. Ardhi ndiyo inayokunyonya joto. Bora mkeka mzuri wa sponji na blanketi moja kuliko mablanketi matatu juu ya nailoni tupu. Usitege hema kwenye kibonde hata kama kinaonekana kimejificha upepo, hewa ya baridi inatiririka na kulala humo humo. Sogea juu hatua chache tu utaona tofauti. Acha tundu la hewa wazi, la sivyo pumzi zenu zitawadondokea alfajiri mkidhani hema linavuja. Na jiko la mkaa lisiingie hemani hata kwa dakika tano. Linaua watu usingizini.

Binti_wa_Mlalo

Kaka mpishi kaeleza vizuri, ila hizo saa zake ni za huko kwao. Huku Usambara kipupwe ni kinyume: mwezi wa sita na wa saba mara nyingi ukungu na manyunyu ni vya asubuhi, kunafunguka mchana. Kwa hiyo Baba Kigamboni, mkija Julai msivunjike moyo saa moja asubuhi, mnywe uji msubiri. Mkiweza kusogeza mpaka Septemba, sogezeni.

Mnashuka Mombo, mnapanda gari la Lushoto kupitia Soni, barabara ni kona juu ya kona, anayetapika akae dirishani. Siku ya kwanza nendeni Irente jioni. Ni ukingo wa mwamba, chini kabisa Mazinde, mashamba ya mkonge na barabara kuu, magari madogo kama siafu, na tambarare ya Umasaini mpaka macho yachoke. Jua linazama huko huko mbele yenu. Siku ya pili msitu wa Magamba, uko chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, mnalipia na mnapewa mtu wa kuwaongoza, kuhusu kupiga kambi waulizeni hapo hapo. Kisha kama mna nguvu pandeni gari la Mtae. Kijiji kimekaa kwenye mgongo wa mlima, mnaona Mkomazi chini, Upare ng'ambo, na anga likikubali Kilimanjaro. Kuna baridi, kuna upepo, nyati hakuna.

Ombi moja: huku kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Ule uwanda mzuri mnaoona ni shamba la mtu la viazi. Pitieni ofisi ya kijiji kwanza.

Baba_Kigamboni

Asanteni sana. Mke kasoma hapo kwenye askari mwenye bunduki akafunga simu. Kwa hiyo Lushoto, na likizo nitaomba isogezwe Septemba. Meru nitaenda na shemeji. Mpishi, hema la mtumba nalipima vipi? Na mtungi wa gesi naruhusiwa kupanda nao basi?

Mgumu_wa_Momella

Dada anajua kwao, mfuate. Hema lisimamishe uani, lala ndani mkeo akumwagie maji kwa ndoo, hasa kwenye mishono, si juu tu. Panapovuja piga mshumaa kwenye uzi au nunua gundi ya mishono. Hesabu na mambo zake, vile vigingi vya kuchomeka chini, za mtumba huwa pungufu.

Gesi usipande nayo basi. Mtungi mdogo wa kilo sita wenye kichwa cha jiko juu utaupata Lushoto mjini. Tangawizi pia kanunue huko huko.

Binti_wa_Mlalo

Na mapichesi, ila Septemba bado mabichi.