Imatinibu miaka 4, sasa BCR-ABL inapanda: mwili umezoea dawa?

Mwangalizi_wa_Mgonjwa:
Habari zenu wakuu. Mgonjwa wa saratani ya damu aina ya CML anameza imatinibu miligramu 400 kila siku, mwaka wa 4 huu. BCR-ABL (kipimo cha damu kinachoonyesha kiasi cha ugonjwa) ilikuwa 0.05%, sasa imesoma 1.8%. Ndugu wanasema mwili umeshaizoea dawa, apumzishwe kidogo. Ni sahihi?

Mfamasia_K:
Msimpumzishe, tafadhali. Anayebadilika si mwili, ni seli za saratani, na ukiacha dawa unazipa nafasi ya kuzaana. Lakini kabla ya kusema dawa imeshindwa, hesabuni vidonge: alivyopewa, toa vilivyobaki, linganisha na siku. Kukosa siku 3 kwa mwezi maana yake amemeza 90% tu ya dozi, na chini ya hapo majibu mazuri huanza kupotea. Ameze na chakula na maji glasi kubwa, maana kichefuchefu ndicho huwafanya wengi waruke. Akisahau, asifidie kwa dozi mbili. Je, kuna dawa nyingine anayotumia? Ya TB, ya kifafa, ya mitishamba?

Maabara_Damu:
Kupita 1% baada ya mwaka wa kwanza si jambo la kusubiri. Kipimo kirudiwe, maabara ileile ikiwezekana, na muombe kipimo cha mabadiliko ya jeni kabla ya kuhamishwa dawa. Imatinibu huzima protini ya BCR-ABL, ile inayozifanya seli za saratani zizaane, kwa kujipachika kwenye kijishimo chake. Seli moja ikibadilika pale, nyingine zinakufa, yenyewe inabaki na kuzaa, kama gugu lililonusurika dawa shambani. Badiliko baya zaidi ni T315I: kwenye nafasi ya 315 ya protini hiyo, asidi amino treonini imeondoka, imekaa nyingine iliyo nene, isoleusini, dawa haiingii. Hapo hata dawa nyingine za CML, dasatinibu na nilotinibu, hazifai. Inatakiwa ponatinibu au asiminibu.

Mwangalizi_wa_Mgonjwa:
Vidonge hakosi. Ila ameanzishwa dawa za TB miezi 3 iliyopita.

Mfamasia_K:
Basi rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, ndiyo ya kushukiwa kwanza. Huchochea ini kuivunja imatinibu haraka, kwa hiyo anameza miligramu 400 lakini damu inapata pungufu sana. Asiache ya TB wala ya saratani. Apeleke kadi zote mbili kliniki zote mbili, wiki hii. Daktari anaweza kuongeza imatinibu kwa angalau nusu ya dozi, au kubadili rifampisini. Akimaliza TB, dozi irudishwe: ini hutulia ndani ya wiki 2 hivi, na dozi kubwa ikibaki itamletea madhara.