Sanamu ya kuvaa shingoni inanikwaruza, nifanyeje?

Wakuu, naombeni ushauri. Nimeunda kola kubwa ya vizibo vya soda na nyaya za redio mbovu, vyote nimeviokota mtaroni kwetu. Nataka anayeivaa ausikie mtaa mwilini mwake. Ila nikigeuka tu, meno ya vizibo yananikwaruza chini ya sikio, na juani bati linaunguza.

Jibu: Hongera, mkuu. Kingo zipige tupa, halafu msasa. Kwa ndani shonea khanga kuukuu, inanyonya jasho. Mtazame msanii Cyrus Kabiru wa Nairobi: miwani yake ni vyuma chakavu, lakini inavaliwa usoni.

Jibu: Mlio wa kola usiuue! Nick Cave, msanii wa Chicago, vazi lake la kwanza la Soundsuit (vazi la sanaa lenye mlio) alilitengeneza kwa vijiti vya kuokota, baada ya polisi wa Los Angeles kumpiga Rodney King, Mmarekani mweusi, mwaka 1991. Alipolivaa na kutembea, likachakarisha. Tena lilimfunika mwili, rangi ya ngozi isionekane.

Muuliza: Asanteni sana. Jana usiku nimepiga tupa vizibo vyote. Khanga ya marehemu bibi imekaa vizuri. Nimemvisha dada yangu, akanyoosha shingo, akatembea taratibu, vikalia kama mvua juu ya bati.