Kupiga chokaa zizi na kutia kitanda si kumpa mfanyakazi nyumba!

Wakuu, huu ujinga umezidi. Banda lililolala ng'ombe miaka kumi linafagiwa Ijumaa, linapigwa chokaa Jumamosi, na Jumapili mfanyakazi wa shamba anakabidhiwa ufunguo, eti kapewa nyumba. Mvua za kwanza zikipita, lipu imebanduka hadi usawa wa goti na godoro limeota kuvu upande wa chini. Lawama anatwishwa yeye: mchafu, hafungui madirisha. Madirisha yapi? Zizi lina matundu mawili ya hewa juu kabisa, basi.

Tuanze na chini, maana ndiko kunakoharibikia na ndiko hakuna anayetaka kutoa hela. Ukuta wa zizi umekunywa mkojo. Mkojo ukioza hutoa amonia, bakteria wanaigeuza kuwa naitreti, na naitreti ni chumvi inayonyonya unyevu wa hewani hata kama ardhi ni kavu. Siku ya mawingu ukuta unatoka jasho. Jua likiwaka unaota unga mweupe kama manyoya ya pamba. Stoo ya mbolea ni hivyo hivyo. Sasa fundi anakuja na lipu ya saruji, anaziba. Maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma mpaka itoke vipande vizima kama chapati. Anaitwa tena, anapiga nyingine, analipwa mara ya pili kwa kosa lile lile.

Kazi inayotakiwa ni hii. Bandua lipu yote iliyooza, upite nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Sugua chumvi kwa brashi kavu, usimwagie maji, maana maji yanairudisha ndani. Acha ukuta upumue miezi, si wiki. Ukirudishia lipu, tumia ya chokaa na mchanga, inayoruhusu unyevu kutoka.

Sakafu ya zamani ing'oe. Ile imeelekezwa kwenye mfereji wa kinyesi, na kuisawazisha kwa saruji ya sentimita mbili ni kujidanganya: itapasuka na harufu itarudi palepale. Ila kabla hujachimba, chimba shimo dogo kando ya ukuta uone kitako cha msingi kiko wapi. Mabanda mengi yana msingi wa kina kifupi sana. Ukishuka chini yake, ukuta unakufuata. Kama hakuna nafasi ya kushuka, inua sakafu, lakini pima kwanza: kutoka sakafu mpya hadi dari ibaki mita 2.4. Banda la mbuzi halifiki hapo, kwa hiyo ama uinue paa ama uachane nalo.

Ukishang'oa: kifusi cha mawe sentimita 15 kilichoshindiliwa, mchanga sentimita 5 ili mawe yasitoboe nailoni, kisha nailoni nene ya geji 1000. Maungio yalaliane angalau sentimita 15 na yabandikwe, kingo zipande ukutani hadi juu ya zege. Halafu jamvi, yaani sakafu ya zege, la sentimita 10. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinakula mita za ujazo 1.2 za zege, yaani mifuko 8 hivi ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Nje, ardhi iwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 au zaidi. Samadi iliyorundikwa ukutani iondoke.

Madirisha: kanuni nyingi za ujenzi zinataka eneo lake lisipungue sehemu ya kumi ya sakafu. Kwa chumba hicho cha 3 kwa 4, ni mita za mraba 1.2 za dirisha. Na msibomoe ukuta kisha mtafute linta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha! Unatoboa mfereji wa linta kwanza, unaiweka ikalie ukuta sentimita 15 kila upande, ikishakomaa ndipo unabomoa chini yake. Nondo za dirisha moja ziwe za kufunguka kutoka ndani. Na mlango wenye komeo la nje tu, lile la kufungia ndama, ni mtego moto ukizuka usiku.

Bati tupu bila dari ni oveni mchana, na usiku linadondosha matone kitandani. Weka dari, acha hewa ipite juu yake, ziba kingo kwa wavu. Kama paa ni la asbesto, usilitoboe, usilikate, usilifagie. Waitwe wanaojua kuliondoa.

Stoo ya viuatilifu? Hapana. Hakuna rangi wala sabuni inayoitakasa sakafu iliyonyonya sumu miaka na miaka. Msimlaze mtu humo. Banda la kuku linawezekana, lakini lowesha kinyesi kabla ya kukwangua ili vumbi lake lisivutwe, na ziba kila ufa, papasi na utitiri hujificha humo.

Jiko la mkaa lisiwe ndani ya chumba cha kulala, tengeni pa kupikia. Choo cha shimo kiwe mita 30 kutoka kisimani.

Wanaosema "sheria haisemi chochote" wasome Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 110 wa mwaka 1958 kuhusu mashamba makubwa. Kwa nchi zilizouridhia, viwango vya nyumba za wafanyakazi vinapaswa kugusa vifaa vya ujenzi, ukubwa, hewa, pa kupikia, maji na choo. Na mfanyakazi akiachishwa kazi apewe muda wa kutosha kuhama, si kutupiwa virago jioni ileile.

Anayebisha asilete picha ya ukuta uliopakwa rangi jana. Abandike kipande cha nailoni cha nusu mita sakafuni, kingo zote zizibwe kwa selotepu, akiache usiku kucha, kisha atuwekee hapa picha ya upande wa chini, tuone kama una matone.